Mama Kanda Anajibu: Kwa Nini Filamu ya Majambazi Ianze na Harusi?

Mwezi uliopita niliandika kwamba zile filamu za zamani za mafia, kabla hazijawa za bunduki, ni filamu za familia zilizohama kwao. Barua zenu zimekuwa nyingi. Leo najibu nne, na ya mwisho imenikosesha usingizi.

Mama Kanda, salamu kutoka Kondele. Nilifuata ushauri wako, Jumamosi usiku nikaitazama The Godfather na mjomba wangu. Karibu nusu saa nzima ni harusi! Watu wanakula, wanacheza, na mzee mmoja amekaa katika chumba chenye giza anaongea polepole. Mjomba alilala. Mimi nilivumilia, lakini kwa nini wasianze na kazi yenyewe? – Kijana wa Kondele, Kisumu

Mwanangu, kazi yenyewe ndiyo hiyo harusi. Itazame tena, na safari hii mwache bi harusi acheze. Wewe watazame wanaoingia katika kile chumba chenye giza, na usikize wanaomba nini.

Wa kwanza ni Bonasera, mtu ambaye riziki yake ni kuandaa maiti. Anaanza kwa kusema kwamba anaiamini Marekani, na hayo ndiyo maneno ya kwanza kabisa ya filamu. Marekani imemtajirisha, na binti yake amemlea kwa desturi za huko. Kisha vijana wawili wakampiga yule binti mpaka wakamvunja taya. Baba akaenda polisi kama raia mwema, kesi ikasikizwa, hakimu akatoa kifungo cha nje, na wale vijana wakatoka kortini siku hiyo hiyo wakimtabasamia. Baada ya hapo ndipo alipomkumbuka Vito Corleone, yule mzee wa chumba chenye giza, mkubwa wa majambazi.

Sasa sikiza Vito anakasirikia nini. Bonasera hajamwalika hata kikombe cha kahawa miaka yote hiyo, na mke wa Vito ndiye mama wa ubatizo wa yule binti! Halafu Bonasera anaongeza kosa la pili: anauliza bei. Hebu wewe nenda kwa baba yako mkubwa na shida ya damu, umuulize, "Nikulipe ngapi?" Uone kama utamaliza chai yako. Vito anataka mtu awe wake. Bonasera anainama, anambusu mkono, anamwita baba wa ubatizo (ndiyo maana ya godfather), na anaambiwa kwamba iko siku, pengine haitafika, ataombwa fadhila.

Siku hiyo inafika. Sonny, kifungua mimba wa Vito, anauawa kwa risasi zisizohesabika, na mzee anampeleka kwa Bonasera usiku ili amtengeneze, mama yake asimwone alivyoharibiwa. Mara ya kwanza kuiona sehemu hiyo ilikuwa 1987, dukani kwangu hapa Nakuru nilipokuwa nikikodisha kanda, kwa kanda iliyonakiliwa mara nyingi hata nyuso zikawa za kijani. Nilikuwa nimeamini kwamba Bonasera ataambiwa aue mtu. Kumbe anaombwa kazi ya mikono yake tu. Nilizima mashine nikakaa gizani.

Mwingine anayeingia siku ya harusi ni mwokaji mikate. Anamwombea Enzo, kijana Mwitaliano aliyeletwa Marekani akiwa mateka wa vita, asirudishwe kwao kwa sababu binti wa mwokaji anampenda. Mateka kama hao tunawajua hata sisi. Ukishuka bonde kutoka Nairobi kuelekea Mai Mahiu utaliona lile kanisa dogo kando ya barabara, walilojenga mateka Waitaliano mwaka 1942 walipokuwa wakitengeneza njia ile. Baadaye Enzo anakwenda hospitalini na maua kumjulia hali Vito, anakuta walinzi wote wameondolewa na wauaji wako njiani. Michael, kitinda mimba wa kiume, anamsimamisha mlangoni na mkono ndani ya koti, ajifanye ana bunduki. Gari likishapita, Enzo anashindwa kuwasha sigara, mikono inatetemeka. Michael anamwashia, kisha anautazama mkono wake mwenyewe na kuona umetulia kabisa. Mwokaji mikate alikuja kulipa fadhila kwa maua, akajikuta akiilipa kwa roho yake.

Wewe ni mtu wa Kisumu, kwa hiyo nikwambie kwa nini watu waliingia chumba kile. Kuanzia 1880 hadi 1924 Waitaliano zaidi ya milioni nne waliingia Marekani, wengi wakulima maskini kutoka kusini. Lugha hawakuijua, polisi hawakuwa wao, korti haikuwa yao. Wengi sana walifanya kazi halali za sulubu na wakaanzisha vyama vya kusaidiana, watu wa kijiji kimoja pamoja, vya kumtunza mgonjwa na kumzika aliyekufa. Ukipita Ofafa Memorial Hall hapo mjini kwenu, kumbuka kwamba lilijengwa kwa michango ya watu wa Luo Union waliotawanyika miji ya mbali, na miongoni mwa kazi kubwa za umoja huo ilikuwa kuhakikisha maiti inafika nyumbani. Sisi katika landi ya reli ya Nakuru, watu wa kutoka Butere na Maragoli, tulikuwa na daftari lenye jalada jeusi. Kila mwisho wa mwezi lilizungushwa mlango kwa mlango, shilingi moja moja, na mweka hazina alilalia daftari hilo chini ya mto.

Lakini mahali penye watu wanaoogopa serikali, mhalifu wao wenyewe hupata mlango. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na wanyang'anyi walioitwa Mano Nera, Mkono Mweusi, waliowaandikia Waitaliano wenzao barua za kuwatoza pesa kwa vitisho. Katika sehemu ya pili ya filamu, Fanucci anayewakamua wenye maduka ni mtu wa namna hiyo. Hakuwasumbua matajiri wa upande wa pili wa mji. Alimsumbua muuza matunda aliyezungumza lugha yake.

Hiyo sehemu ya pili, ya 1974, nayo inaanza na sherehe. Michael ndiye mkubwa sasa, ni 1958, kando ya ziwa Tahoe. Mgeni mmoja mzee anaomba bendi ipige tarantella, ngoma iliyopigwa kwenye ile harusi. Bendi nzima hakuna anayeijua, wanaishia kupiga wimbo wa watoto wa Kiingereza. Kama umewahi kuona mzee akimwomba dijei ngoma ya isukuti kwenye harusi ya mjini, akajibiwa kwa muziki mwingine, basi huo uso wa yule mzee unaujua. Mwambie mjomba asilale hapo.

Mama Kanda, katika sehemu ya pili ya filamu hiyo, karani anamwandikia mtoto jina la kijiji badala ya jina la ukoo. Je, mambo hayo yalitendeka kweli? – Mwalimu mstaafu, Kakamega

Mwalimu wangu, kisa hicho kinasimuliwa katika familia nyingi za Marekani, lakini makarani wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York, hawakuwa wakibuni majina. Kituo kile kilifunguliwa 1892, kikafungwa 1954, na watu wapatao milioni 12 walipitia. Majina yalikuwa yameshaandikwa na watu wa meli kule safari ilikoanzia, na kazi ya karani ilikuwa kumhoji mtu na kulinganisha na orodha. Majina yaliyobadilika mengi yalibadilika baadaye, shuleni, kazini, au kwa hiari ya mwenyewe aliyechoka kuulizwa linavyoandikwa.

Hata hivyo simlaumu Francis Ford Coppola, mwelekezi wa filamu hiyo, kwa kukitumia kisa hicho. Mtoto Vito Andolini ameuliwa baba, kaka na mama kule Sicily. Anafika 1901 na kikaratasi kimebandikwa kifuani, hasemi neno, na karani anaandika Corleone, kijiji alikotoka. Kisha anakutwa na ndui, anafungiwa peke yake miezi mitatu. Anakaa kitini, miguu haifiki chini, sanamu ya Uhuru inaonekana dirishani, na yule mtoto aliyekuwa kama bubu anaanza kuimba. Mwaka huo huo wa 1901, mwezi wa Desemba, reli ilifika Kisumu.

Na kwetu, Mwalimu, makarani waliandika kweli. Kipande kilipoanza kuvaliwa, miaka ya 1919 na 1920, mwanamume alitembea na kibati shingoni chenye karatasi ya jina lake na mwajiri wake. Babu yangu alipoulizwa yeye ni wa nani, alidhani anaulizwa chifu wake, akamtaja chifu. Likaandikwa. Kitambulisho changu cha leo kina jina la mtu ambaye hatuna naye damu hata tone, na watoto wangu wanalo pia.

Mbona katika filamu hizi watu wanapika sana? Wanaua, wanapika. Mimi naona ni kupoteza wakati. – Msomaji wa Busia

Ndugu yangu, pale jikoni ndipo waliotengeneza filamu walipoweka kwao. Coppola alisisitiza Clemenza, mtu wa Vito, aonyeshe hatua kwa hatua anavyopika mchuzi: mafuta, kitunguu saumu, nyanya, soseji na vile vipande vya nyama, divai kidogo, sukari kidogo. Anamfundisha Michael kwa sababu huenda siku moja akalazimika kuwapikia wanaume 20 waliojificha nyumba moja. Dada ya Michael, Connie, ameigizwa na Talia Shire, dada wa Coppola mwenyewe. Baba yao, Carmine, alitunga sehemu ya muziki. Mario Puzo, aliyeandika mwaka 1969 kitabu kilichozaa filamu hiyo, alikuwa mwana wa wahamiaji na baba yake alifanya kazi ya njia ya reli huko New York, kazi ile ile ya baba yangu. Puzo alieleza kwamba kila alipomwandikia Vito maneno ya kusema, sauti aliyoisikia kichwani ilikuwa ya mama yake. Nilipoyasoma hayo nilielewa kwa nini yule mzee alinitisha na bado nilitaka kumpelekea maji ya kunawa.

Martin Scorsese alifanya hivyo hivyo katika Goodfellas ya 1990. Wanaume watatu wanaingia usiku wa manane nyumbani kwa mama wa mmoja wao, Tommy, kutafuta sepetu. Garini nje, ndani ya buti, kuna mtu wanayedhani wameshamuua. Mama anaamka, anafurahi, anawasha jiko, lazima wale. Mama huyo ni Catherine Scorsese, mama mzazi wa mwelekezi. Tazama anavyomwangalia mwanawe akitafuna. Mama yangu aliwaangalia hivyo wote walioshuka garimoshi la usiku wakauliza njia ya landi, na hakuwahi kumuuliza hata mmoja alichokimbia nyumbani.

Na katika filamu hiyo hiyo, wakiwa gerezani, mzee Paulie anakata kitunguu saumu kwa wembe, vipande vyembamba kama karatasi, viyeyukie kwenye mafuta. Anayetusimulia ni Henry Hill, ambaye mama yake ni wa Sicily lakini baba yake ni wa asili ya Ireland. Wanakula naye sahani moja miaka na miaka, na bado hawezi kuingizwa rasmi katika ukoo wao, kwa sababu ya damu ya baba. Usiruke sehemu za jikoni, ndugu yangu.

Mama Kanda, tunaishi Free Area, Nakuru. Kaka mkubwa wa mume wangu ndiye aliyetuleta kutoka Bungoma, tukalala sebuleni kwake miezi minne, akamtafutia mume wangu kazi ya udereva. Sasa anataka hati ya ploti yetu ndogo aipeleke benki apate mkopo wa matatu ya pili. Nikikataa, mume wangu ananitolea maneno ya Michael Corleone: usisimame kamwe na mtu wa nje dhidi ya familia. Je, mimi ndiye mtu wa nje? – Mama wa watoto wawili

Mwanangu, wewe si mtu wa nje. Na huyo mume wako amalizie filamu.

Maneno hayo Michael anamwambia Fredo, kaka yake mkubwa, wakiwa Las Vegas, kwa sababu Fredo amemtetea mtu mwingine mbele yake. Yanasemwa kwa upole kabisa. Katika sehemu ya pili Fredo, aliyeumia kwa kurukwa na mdogo wake, anawasaidia maadui bila kujua watafanya nini. Michael anangoja. Anangoja mpaka mama yao afe, kwa sababu mama akiwa hai haiwezekani. Halafu Fredo anapelekwa ziwani kuvua samaki, anasali Salamu Maria aliyozoea kusali ili samaki washike ndoana, na anapigwa risasi. Aliyeambiwa asisimame dhidi ya familia aliuawa kwa amri ya aliyemwambia.

Mara baada ya hapo tunarudishwa Desemba 1941, ndugu wote mezani wakimngoja baba siku yake ya kuzaliwa. Michael anatangaza kwamba amejiandikisha jeshini. Sonny anafoka. Anayenyoosha mkono kumpongeza ni mmoja tu, Fredo. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi kuliko sala nilizosali mwaka huu, na sijawahi kuitazama macho makavu.

Tena kuna Kay, mke wa Michael, ambaye ndiye wewe. Kwenye ile harusi ya mwanzo, familia inapopigwa picha, Michael anamvuta aingie, naye anasitasita maana ni mgeni. Mwisho wa sehemu ya kwanza anamuuliza mumewe kama ni kweli amemuua shemeji yake, Carlo. Michael anamtazama machoni, anamdanganya. Kay anashusha pumzi, anatoka kwenda kumimina kinywaji, na kutoka pale anaona wanaume wakimbusu mumewe mkono, kisha mlango unafungwa usoni pake. Sitaki wewe ufungiwe mlango huo kwa ajili ya matatu.

Nikueleze jambo ambalo sijawahi kuliandika. Mwaka 1956 baba yangu aliingizwa kazi ya reli na nyapara wa kijiji chetu. Mtu huyo alikuwa mwema, nitalisema hilo hata mbele ya Mungu. Kaka yangu alipougua usiku, nyapara ndiye aliyesukuma mkokoteni hadi hospitali kwenye mvua. Mwaka 1973 baba alikuwa ameweka shilingi 1,800 katika kopo la Blue Band chini ya kitanda, za kununua hisa katika kampuni ya ardhi, tupate ekari zetu huku Nakuru. Jumapili moja nyapara akaja, akala, akasema mwanawe amepata nafasi ya masomo India na nauli haijatimia. Hakutaja mkokoteni. Hakutaja 1956. Baba alikwenda chumbani akarudi na kopo, akazihesabu noti mezani moja moja, akizilainisha kwa kidole gumba. Mama alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka. Aliendelea kusonga mpaka tukasikia harufu ya kuungua, na hata hapo hakuutoa jikoni.

Ekari hatukupata. Yule kijana alirudi na shahada, akawa mtu mkubwa, na tulipompeleka baba Butere kumzika hakuonekana. Kwa miaka mingi nilimchukia nyapara. Siku hizi ninachojiuliza ni kwa nini watu wazima watatu katika chumba kimoja hawakuweza kutamka neno "hapana", hata neno "nusu".

Kwa hiyo usiingie katika ugomvi wa Kay, wa kuuliza baada ya mambo kwisha. Kwanza, fahamu kwamba Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu mali ya ndoa kuwekwa rehani bila ridhaa ya mume na mke wote wawili. Ikiwa ploti hiyo ni mali yenu ya ndoa, bila sahihi yako haiwezi kuwekwa. Usimpigie mumeo kelele na jambo hilo. Lijue tu, likupe utulivu. Pili, mwiteni shemeji nyumbani kwenu, Jumapili, pamoja na mzee mmoja anayeheshimiwa na pande zote. Mpikie. Mpikie vizuri, kuku mzima, asijihisi mgeni. Kisha mumeo, siyo wewe, aanze kwa kuitaja ile miezi minne sebuleni kwa sauti, na ile kazi ya udereva, shemeji asikie kwamba hamjasahau. Baada ya hapo mtaje mnachoweza kutoa: pesa kiasi fulani kutoka mfukoni, kwa miezi fulani, na hati ibaki sandukuni. Andikeni kwenye daftari, mzee atie sahihi.

Anaweza kukasirika. Akisimama kutoka, mfuateni hadi barabarani mkamsindikize, msimwache aende peke yake. Halafu niandikie uniambie mumeo alitamka nini, na kama kuku aliliwa.